Kupima Spika ya Besi Nyumbani, Ukiwa Mbeya

Spika nyingi za besi zinazouzwa soko la Mwanjelwa hazina karatasi ya vipimo, na zile zilizobandikwa lebo mara nyingi hujitangaza kuwa za wati 1,000 ilhali koili yake haizidi unene wa kidole gumba. Anayetaka kutengeneza boksi kwa hesabu, badala ya kukisia, hana budi kuipima spika mwenyewe. Namba anazozitafuta zilipangwa kinadharia na Neville Thiele mwaka 1961, kisha zikaendelezwa na Richard Small mwanzoni mwa miaka ya 1970, wote wakiwa Australia, na hadi leo hesabu za maboksi hutegemea namba hizo. Vifaa vyenyewe si vya gharama, ila kimoja kinahitaji uangalifu, nacho ni mita ya kupimia volti na omu.

Mita ndogo za njano ambazo upande wa AC zina 200 na 750 tu hazifai, kwa sababu tutasoma sehemu ndogo za volti. Tafuta yenye 2 V ya AC au chini ya hapo. Pamoja nayo unahitaji amplifaya ya nyumbani ya wati 20 au zaidi, simu yenye programu ya kutoa toni, rezista ya omu 1,000 ya nusu wati, na nyingine ya omu 10 ambayo umeihakiki kwa mita.

Kabla ya kupima, ipigishe spika mpya besi ya sauti ya wastani kwa saa kadhaa ili kingo za koni zilainike. Usipime asubuhi ya Julai chumba kikiwa bado na baridi ya usiku, kwa kuwa mpira wa kingo na kitambaa cha ndani hukakamaa na kupandisha masafa ya asili ya koni. Subiri chumba kipate joto, kisha vipimo vyote vifanyike katika hali hiyo hiyo. Isimamishe spika wima, sumaku ikiwa imebanwa kati ya tofali mbili za kuchoma, na koni iwe mbali na ukuta walau mita moja. Spika iliyolazwa kifudifudi mezani itakupa namba za meza.

Anza na ukinzani wa koili, yaani Re. Gusanisha ncha za waya za mita, andika zinachosoma, kisha pima koili na utoe kiasi hicho. Spika ya inchi 10 niliyoipima ilitoa omu 6.2.

Sasa unganisha amplifaya, rezista ya omu 1,000 na ile ya omu 10 kwa mfuatano. Toa toni ya 50 Hz na upandishe sauti polepole hadi amplifaya itoe volti 10.1. Hapo mkondo ni miliampia 10, na kwenye rezista ya omu 10 mita inapaswa kusoma 0.100 V. Usiguse tena kitasa cha sauti. Ondoa rezista ya omu 10, weka spika mahali pake, na kila 0.010 V utakayoisoma kwenye spika itakuwa takribani omu moja. Umeme wa mtaani ukiyumba, rudia kipimo cha rezista kabla ya kuamini chochote.

Badilisha masafa kwa 1 Hz, kuanzia 20 Hz kwenda juu. Volti itapanda, itafika kileleni, kisha itashuka. Masafa ya kilele ndiyo Fs, yaani masafa ya asili ya koni, na kwa spika yangu yalikuwa 38 Hz, mita ikisoma 0.534 V. Hapa wengi huandika omu 53.4 na kuendelea, lakini kwenye kilele ukinzani wa spika umekuwa mkubwa kiasi cha kupunguza mkondo. Sahihisha kwa kuzidisha 0.534 kwa 1,000, kisha ugawanye kwa tofauti ya 10.1 na 0.534, jibu ni omu 55.8. Gawanya kwa Re upate 9, ambayo kipeuo chake cha pili ni 3. Zidisha 3 kwa 6.2, nayo ni omu 18.6. Tafuta masafa mawili, moja chini na moja juu ya kilele, ambapo mita inasoma 0.186 V. Mimi nilipata 30 na 48 Hz. Ukizidisha masafa hayo na kutafuta kipeuo cha pili, unapaswa kurudi karibu na Fs. Ukikosa kwa zaidi ya 1 Hz hivi, pima upya.

Zinafuata namba zinazoonyesha koni inavyotulizwa isiendelee kutikisika: Qms kwa kingo na kitambaa, Qes kwa koili na sumaku, na Qts kwa vyote pamoja. Qms ni 38 mara 3, gawanya kwa 18 (tofauti ya 48 na 30), yaani 6.33. Qes ni Qms gawanya kwa 8 (ile 9 ukitoa 1), yaani 0.79. Qts ni Qms gawanya kwa 9, yaani 0.70. Spika ya namna hii inafaa boksi lililofungwa, si la tundu.

Kinachobaki ni Vas, yaani ujazo wa hewa wenye ulaini sawa na wa kingo za koni, na ndicho kinachowakosesha mafundi wengi wa nyanda za juu. Bandika plastisini ya gramu 20 kuzunguka katikati ya koni, iliyopimwa kwenye mizani ndogo kama ile ya wanunuzi wa dhahabu wa Chunya. Kijana mmoja niliyemfundisha alitumia unga wa ngano uliokandwa, nao ukakauka na kupungua uzito akiwa bado anapima. Masafa ya kilele yatashuka. Yangu yalishuka hadi 31 Hz. Gawanya 38 kwa 31, zidisha jibu kwa lenyewe, toa 1, kisha gawanya gramu 20 kwa kilichobaki: koni inatembea na uzito wa gramu 39.8. Kutoka hapo zidisha 6.283 kwa 38, zidisha jibu kwa lenyewe, kisha kwa kilo 0.0398, na ugawanye 1 kwa ulichopata: huo ndio ulaini wa kingo, Cms, nao ni 0.000441 m/N (mita kwa kila newtoni). Pima kipenyo cha koni kuanzia katikati ya kingo hadi katikati ya kingo. Sentimita 21 hutoa eneo la mita za mraba 0.0346.

Vas ni 1.4 mara kanieneo ya hewa, mara eneo lililozidishwa kwa lenyewe, mara Cms. Vitabu huweka pascal 101,325 za usawa wa bahari, na jibu huwa lita 75. Lakini Mbeya iko takribani mita 1,700 juu, ambako kanieneo ni karibu pascal 82,500, na spika hiyo hiyo inatoa lita 61. Usichukue namba ya utabiri wa hali ya hewa kwenye simu, kwa sababu kwa kawaida imeshasahihishwa iwe ya usawa wa bahari.

Boksi la hapa, basi, huwa dogo kuliko la Dar es Salaam kwa spika ile ile. Likishushwa Kyela, yapata mita 500, Vas inakuwa lita 71 na hewa ya ndani inakakamaa zaidi dhidi ya koni. Kwa hiyo kabla sijakata mbao humuuliza mteja boksi litakaa wapi.