Somo: Kulinda masikio kwenye kelele, na mwisho wa uwezo wa hedifoni za kufuta kelele

Habari za jioni wakuu.

Nimefanya kazi kwenye mashine ya kusaga nafaka kwa miaka sita. Injini ya dizeli upande huu, kinu cha nyundo upande ule, katikati mimi na mahindi ya wateja. Jioni nikifunga mlango masikio yalikuwa yanavuma, nikidhani ni uchovu. Nilikuja kushtuka nyumbani: mwanangu akisema "shika simu hiyo" mimi nasikia "ika imu iyo". Herufi kama s, sh na f zinabebwa na sauti nyembamba, na kelele za kazini huanza kuua usikivu huko huko kwenye sauti nyembamba.

Sasa hedifoni za kufuta kelele zimeshuka bei, na naona vijana wa karakana wanazivaa wakiamini wamejikinga. Hilo ndilo limenikalisha chini niandike.

Hatua ya 1: Ijue kelele yako

Simama na mwenzako, umbali wa mkono ulionyooshwa. Ukilazimika kupaza sauti ili akusikie, hesabu kwamba uko kwenye desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 85 au zaidi. Ziko pia programu za simu. NIOSH, taasisi ya Marekani inayoshughulikia afya kazini, wanatoa yao bure, ila ni ya iPhone tu. Za Android ni nyingi, na simu na simu hazilingani, kwa hiyo namba unayoipata ichukue kama makadirio.

Hatua ya 2: Hesabu muda

Kwa kipimo cha NIOSH, desibeli 85 mtu asizidishe saa 8 kwa siku. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda unakatika nusu: 88 ni saa 4, 91 saa 2, 94 saa 1, 97 nusu saa, 100 dakika 15 tu. Desibeli haziendi kama kilo za unga. Tatu za ziada maana yake nguvu ya sauti imekuwa maradufu.

Kinu changu nilipokuja kukipima kilisoma 97. Yaani fungu la siku nzima nilikuwa nalimaliza kabla hata foleni ya asubuhi haijapungua.

Hatua ya 3: Elewa hedifoni inafanya nini

Ndani yake kuna maikrofoni ndogo inayosikiliza kelele ya nje. Kijikompyuta kilichomo kinatengeneza wimbi la sauti lililogeuzwa: la nje likipanda, hili linashuka. Yakikutana sikioni yanamalizana. Wazo hili ni la zamani. Mjerumani Paul Lueg alipewa hataza yake Marekani mwaka 1936. Mwaka 1978 Amar Bose, mhandisi wa Marekani mwenye kampuni ya Bose, akiwa kwenye ndege akitokea Zurich, alikerwa na mvumo uliofunika muziki wake, akaanza kupiga hesabu hapo hapo kwenye kiti. Mwaka 1989 kampuni yake ikauza hedifoni za marubani.

Kumbuka hapo: ni chombo kilichozaliwa kwa ajili ya mvumo wa ndege. Mvumo mzito, usiobadilika, ndio kinaoumudu: injini ya basi, jenereta, feni, kiyoyozi. Sauti nyembamba inayokwaruza, na mlio wa ghafla kama nyundo kwenye bati, vinakipita. Wimbi la sauti nyembamba ni fupi mno kulinganisha nalo sawasawa, na kishindo kimeshafika sikioni kabla jibu halijatengenezwa. Kinachozuia sauti hizo ni ule mto wa hedifoni au mpira wa sikioni, yaani kuziba kwa kawaida tu.

Hatua ya 4: Kazini, vaa kinga ya kazini

Nunua vizibo vya sponji au vifuniko vya masikio vilivyopimwa. Paketi huandikwa NRR na namba, yaani kipimo cha Marekani cha kelele kinayozuia. Usiiamini namba hiyo ilivyo, maana ilipatikana maabara. OSHA, idara ya Marekani ya usalama kazini, inashauri utoe 7 kisha ugawe kwa 2. Kizibo chenye NRR 33 kinakupa kama desibeli 13, hivyo kinu cha 97 kinakuwa 84. Paketi za Ulaya huandikwa SNR. Hicho ni kipimo kingine, hesabu hii usiipeleke huko.

Ukivaa vizibo na vifuniko kwa pamoja hujumlishi namba mbili. Unaongeza kama desibeli 5 hivi.

Hatua ya 5: Kuvaa kizibo cha sponji

Hapa tafadhali tulieni, kwa sababu wengi ninaowaona wamevaa wamekichomeka tu mlangoni mwa sikio, na hapo ni sawa na hawakuvaa.

Nawa mikono. Kisokote kizibo kwa vidole taratibu mpaka kiwe chembamba kama njiti, kisiwe na mikunjo. Pitisha mkono wa pili juu ya kichwa, shika sikio, livute juu na nyuma. Njia ya sikio imepinda, na kuvuta huku ndiko kunakoinyoosha. Ingiza kizibo kabla hakijavimba, kisha kishikilie kwa kidole sekunde 30. Usikiachie mapema, kitajisukuma nje.

Jipime: funika masikio kwa viganja ukiwa kwenye kelele, kisha viondoe. Ukisikia tofauti kubwa, hakijaziba. Toa uanze upya. Mimi ilinichukua karibu wiki nzima kupata mkono wake, na sikio la kushoto bado hunisumbua.

Hatua ya 6: Safarini, tumia hedifoni za kufuta kelele

Huku ndiko zinakofaa kweli. Kwenye basi la Dar kwenda Mwanza, umekaa juu ya injini, ukiweka muziki kwenye hedifoni za kawaida utapandisha sauti ili ishinde mvumo, na utaiacha huko juu kwa saa kumi na kitu. Ukiufuta mvumo kwanza, sauti ndogo inatosha. Washa kufuta kelele kabla ya muziki, kisha panda kutoka sifuri mpaka maneno yasikike, usimame hapo. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Simu nyingi zina sehemu ya kufunga kikomo cha sauti, kifunge.

MASWALI YA WANACHAMA

Fundi wa grainda, Arusha: Mkuu, mimi navaa zile ndogo za bluetooth zenye kufuta kelele. Kelele ya grainda inapungua kabisa. Kwa nini unazikataa?

Inapungua, kaka, lakini kinachopungua zaidi ni mvumo wa mota. Ule mlio wa jiwe likikata chuma ndio unaoua, na hapo unategemea kampira ambako hakuna aliyekapima kama kinga. Tena wengi huongeza muziki juu yake. Viko vifuniko vya kazi vyenye bluetooth ndani, vilivyopimwa na kuwekewa kikomo cha sauti. Kama muziki ni lazima, tafuta hivyo.

Mama wa wawili, Mombasa: Asante kwa somo. Harusini spika ni kubwa mno na nina mtoto wa miezi minane. Nimvalishe nini?

Vifuniko vya watoto, dada yangu, vile vya kufunika sikio lote. Vizibo vya sponji usimpe, atavitia mdomoni vimkabe. Halafu sogea. Mahali pa wazi, ukizidisha umbali mara mbili kutoka kwenye spika unapunguza kama desibeli 6, bure kabisa.

Seremala, Iringa: Sisi tunaziba kwa pamba. Haitoshi?

Haitoshi. Pamba inapitisha hewa, na panapopita hewa sauti inapita. Tumia vizibo vilivyopimwa.

Mgeni humu: Nikiwasha kufuta kelele nasikia masikio kama yanabanwa. Yanaumia?

Hapana. Hakuna mgandamizo wa hewa uliozidi. Inadhaniwa ubongo umezoea mvumo mzito, ukitoweka ghafla unatafsiri kama uko kwenye ndege inayopanda. Ikikukera, punguza kiwango au zima.

Dereva wa roli: Fundi, masikio yangu yanapiga mluzi mwaka wa pili sasa. Nikianza kinga leo yatarudi?

Pole sana ndugu yangu. Ndani ya kila sikio tumezaliwa na chembe za kusikia kama elfu 15 zenye vinyweleo, na zikifa hazioti tena. Kilichopotea hakirudi, ila kinga itazuia kisiendelee, na mluzi wenyewe wengi huuzoea hasa wakipata mtaalamu. Nenda hospitali yenye kitengo cha masikio, pua na koo, omba kipimo cha usikivu. Na lingine la kushika: sikio likizima ghafla, ndani ya siku moja hadi tatu, usisubiri wala usiweke mafuta. Nenda siku hiyo hiyo, maana dawa zake hufanya kazi vizuri zaidi zikiwahi.