Jinsi ya Kuandika Riwaya ya Mapenzi ya Wawindaji wa Dhoruba

Mwandishi anayekusudia kutunga riwaya ya mapenzi kati ya wawindaji wa dhoruba, yaani watu wanaozifuata dhoruba kali kwa gari ili kuziona na kuzipima, hana budi kuifahamu siku yao ilivyo tangu alfajiri, kwa maana wengi wetu tunaijua kwa dakika zake za mwisho tu. Tonado nyingi, yaani nguzo za upepo mkali unaozunguka kutoka wingu la dhoruba hadi ardhini, hazidumu hata dakika 10, ilhali kuifikia moja kunaweza kudai mamia ya kilomita barabarani, saa nyingi za kungoja kando ya njia, na siku kadhaa za kurudi mikono mitupu. Riwaya ya kurasa 300 haiwezi kuegemea dakika hizo chache. Mapenzi yajengwe ndani ya gari na katika kungoja, kisha dhoruba ije kuyapima.

Mahali pa kuiweka hadithi panajulikana: ni tambarare za katikati ya Marekani, hasa Texas, Oklahoma, Kansas na Nebraska, ambako hewa yenye unyevu kutoka Ghuba ya Mexico hukutana na hewa kavu kutoka magharibi, huku upepo wa juu ukivuma kwa kasi na mwelekeo tofauti na ule wa chini. Msimu hupamba moto kati ya Aprili na Juni, na Mei ndiyo kilele chake. Ikiwa mmoja wa wapenzi ni mtafiti, mji wa Norman katika Oklahoma unamfaa, kwa kuwa ndiko kiliko Kituo cha Utabiri wa Dhoruba cha taifa, maabara ya utafiti wa dhoruba kali na Chuo Kikuu cha Oklahoma. Kituo hicho hutoa ramani ya hatari yenye ngazi 5, na wawindaji huisoma asubuhi, hubishana, kisha huchagua mji wa kwenda kungojea. Mabishano hayo yasipitwe haraka, kwani humwonyesha msomaji nani ni mwangalifu, nani huthubutu, nani hukubali kushindwa kwa hoja na nani hununa hadi adhuhuri.

Siku zisizo na tonado ndizo ningependa kila mwandishi azipe nafasi kubwa kuliko anavyodhani zinastahili. Mara nyingi tabaka la hewa yenye joto hutanda juu kama kifuniko, na mawingu yaliyoanza kuinuka alasiri hufifia kabla ya kukomaa. Jua linatua, anga iliyo juu yao ni safi, na watu wawili waliobishana tangu asubuhi wameegemea boneti ya gari ambayo bado ina joto. Mmoja alisisitiza waende kaskazini. Sasa wanaona kwa mbali, huko huko kaskazini, kilele cha wingu la dhoruba ambayo hawawezi tena kuiwahi kabla ya giza. Aliyekuwa sahihi afanye nini? Akinyamaza na kumpa mwenzake chupa ya maji, msomaji atakuwa amejifunza kuhusu upendo wao zaidi ya ambavyo angejifunza kwa kurasa tatu za kusifu macho na midomo.

Mgawanyo wa kazi nao una utajiri wake. Mmoja huendesha na mwingine husoma rada, na kila mmoja anaona nusu ya ukweli. Picha ya rada huweza kuwa imepitwa na dakika kadhaa inapofika kwenye skrini, kwa hiyo msoma rada anaona dhoruba ilipokuwa. Dereva anaona ilipo, lakini mvua humficha mengi. Kwa kawaida dhoruba hizi huelekea kaskazini-mashariki au mashariki, hivyo wawindaji hupenda kukaa upande wake wa kusini-mashariki, wakiwa na njia ya kukimbilia kusini. Tuseme njia hiyo ni ya udongo mwekundu uliolowa na kuanza kuteleza, mvua ya mawe imekipasua kioo cha mbele, na msoma rada anasema, “Geuza sasa,” ilhali dereva bado anaona barabara iko wazi. Usiandike jinsi mioyo inavyodunda. Andika mikono inayokaza usukani, swali lisiloulizwa, na gari linalogeuka. Dereva ambaye katika sura ya 3 alidai kuonyeshwa skrini kila mara sasa anageuza bila kuitazama, na hilo ni tamko la upendo hata kama maneno yenyewe yatachelewa kwa sura nyingi.

Ninasisitiza pia kwamba tonado isifanywe mshenga. Busu mbele ya wingu linalokaribia hupendeza kwenye jalada, lakini msomaji anayeijua kazi hii ataacha kuwaamini wahusika. Tarehe 31 Mei 2013, karibu na El Reno katika Oklahoma, tonado iliyofikia upana wa kilomita 4.2 ilibadili mwelekeo na kutanuka ghafla, ikawaua Tim Samaras, mwanawe Paul na mwenzao Carl Young, watafiti wenye uzoefu mkubwa. Siku 11 kabla yake, tonado nyingine ilikuwa imeupiga mji wa Moore katika jimbo hilo hilo na kuua watu 24. Wahusika wa riwaya ya leo wanayajua haya. Kwa hiyo anayesema “tumekaribia vya kutosha” asichorwe kama mwoga anayesubiri kufundishwa ujasiri na mpenzi wake.

Mfarakano mkubwa wa riwaya nao utoke katika kazi yenyewe. Dhoruba imepita juu ya nyumba na bado inasonga. Kusimama kusaidia ni kuipoteza, na kuendelea ni kupata vipimo vinavyoweza kuboresha maonyo ya miaka ijayo. Mmoja anashuka, mwingine anataka kuendelea, na wote wana hoja. Watengane kwa jambo zito kama hilo badala ya simu iliyosikika vibaya.

Mwisho unapaswa kuwa mwema, na msomaji ana haki ya kuudai, ila uandikwe baada ya msimu kwisha, wakati hakuna wingu la kuwakutanisha na kila mmoja lazima aamue mwenyewe kumfuata mwenzake.

Rasimu ikikamilika, mpe mtu anayeifahamu hali ya hewa aikague kwa mielekeo, saa na umbali. Atakuambia, kwa mfano, kwamba mhusika hawezi kutangaza daraja la tonado akiwa anaitazama, kwa sababu kipimo cha EF cha ukali wa tonado, kilichoanza kutumika Marekani mwaka 2007, hupangwa baada ya uharibifu kukaguliwa. Fanya masahihisho hayo kabla ya kuigusa lugha ya mapenzi, kwani gari likihamia upande mwingine wa dhoruba, mazungumzo yaliyomo ndani yake nayo yatabadilika.