Namna ya Kuiga Ujifunzaji wa Shuleni kwa Kompyuta

Anza na swali jembamba. Programu haiwezi kukuambia kwa nini wanafunzi hufeli hisabati, lakini inaweza kukadiria ni mazoezi mangapi yanayohitajika kabla mwanafunzi hajamudu kujumlisha sehemu.

Kwa swali la namna hiyo, modeli iliyoelezwa na Albert Corbett na John Anderson katikati ya miaka ya 1990 ingali mahali pazuri pa kuanzia, kwa kuwa inahitaji namba 4 tu: uwezekano kwamba mwanafunzi anaujua ujuzi tangu mwanzo, uwezekano wa kujifunza kila afanyapo zoezi, uwezekano wa kupata jibu kwa kubahatisha, na uwezekano wa kukosea ilhali anajua. Tuseme namba hizo ni 0.3, 0.15, 0.2 na 0.1. Mwanafunzi akijibu zoezi la kwanza kwa usahihi, zidisha 0.3 kwa 0.9 (yaani 1 kutoa 0.1) upate 0.27, kisha zidisha 0.7 (yaani 1 kutoa 0.3) kwa 0.2 upate 0.14, gawanya 0.27 kwa jumla ya hizo mbili, yaani 0.41, na makadirio yanapanda hadi 0.66 hivi. Ukiongeza nafasi ya kujifunza kutokana na zoezi lenyewe, yaani 0.15 ya sehemu iliyobaki hadi 1, yanafika 0.71. Angekosa, kwa hesabu ya namna hiyohiyo pamoja na nafasi ya kujifunza, yangeshuka hadi 0.19. Fanya hesabu hii kwa mkono walau mara moja kabla ya kuiandikia programu, kwani makosa mengi ya wanaoanza hujificha hapa.

Ukitaka wanafunzi wasaidiane au waigane, tumia NetLogo, programu ya kuundia miigo ya kompyuta iliyobuniwa na Uri Wilensky mwaka 1999, ambamo kila mwanafunzi wa kubuni hupewa kanuni zake. Kwa kuwa namba nasibu, zinazochaguliwa na kompyuta kwa bahati, hubadilisha matokeo, endesha mwigo mara nyingi, kisha ripoti mtawanyiko, yaani jinsi matokeo yanavyotofautiana, pamoja na wastani.

Kazi ngumu ni kuupima mwigo. Tenga sehemu ya majibu ya wanafunzi halisi usiyoitumia kukadiria namba zako, uone kama modeli inayatabiri. Hata ikiyatabiri vizuri, usiiamini upesi, maana seti tofauti za namba zinaweza kulingana na data ileile. Kipimo changu cha kwanza ni uwezekano wa kubahatisha: ukizidi 0.5, modeli inadai kwamba asiyejua hupata mara nyingi kuliko anavyokosa, na hapo ni afadhali kuyachunguza upya maswali yenyewe kabla ya kugusa programu.