Somo: Ukiondolewa kazini kwa uvumi wa mapenzi ya jinsia moja

Habari wakuu. Somo hili ni kwa walioajiriwa Arusha na Moshi: hotelini, kampuni za utalii, mashamba ya maua, popote.

Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakataza ubaguzi wa kabila, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu, VVU, umri na mengine. Mwelekeo wa kimapenzi haumo. Tena kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinatoa miaka 30 hadi maisha kwa tendo lenyewe. Kwa hiyo usisimamishe kesi juu ya maisha yako. Isimamishe juu ya alichofanya mwajiri.

Hatua ya 1. Afisa utumishi akikuita kukuuliza ya chumbani, usikiri wala usibishane. Sema: "Naomba tuhuma inayohusu kazi yangu, kwa maandishi." Hapa ndipo wengi wanapokwama: wanawekewa barua ya kujiuzulu iliyokwisha kuchapwa, wanaambiwa "saini tusikuaibishe". Ukisaini, mwajiri atasema uliondoka mwenyewe, na kazi ya kuthibitisha kwamba ulilazimishwa inakuwa yako. Usisaini.

Hatua ya 2. Kusanya mkataba, hati za mshahara, barua, na skrinishoti za grupu la kazini zenye jina, tarehe na saa. Usizihifadhi kwenye kompyuta ya ofisi. Ujumbe wenyewe usiufute, na simu yako nzima usimkabidhi mtu.

Hatua ya 3. Ukiitwa kikao cha nidhamu, unastahili angalau saa 48 za kujiandaa, pamoja na mfanyakazi mwenzako au kiongozi wa chama cha wafanyakazi. Omba nakala ya muhtasari.

Hatua ya 4. Jaza fomu CMA F1 ya CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayopokea migogoro ya kazi), mpe mwajiri nakala aisaini kupokea, kisha ipeleke CMA pamoja na uthibitisho huo. Mwisho ni siku 30 tangu kuachishwa, za kalenda, si za kazi. Andika "bila sababu halali na bila kufuata utaratibu", basi. Mwajiri ndiye atakayetakiwa kuthibitisha uhalali. Ila kama hujatimiza miezi 6 kazini, mlango huu haukuhusu.

MASWALI

Mdau, Njiro: Hawajanifukuza, ila kila siku "mbona huoi?", na zamu nzuri wanapewa wengine.
Jibu: Hali ya ndoa imo kifungu cha 7, na kunyanyaswa kwa ajili yake ni ubaguzi. Piga picha ratiba za zamu, andika nani kasema nini na lini. Muda wako wa kupeleka lalamiko CMA ni siku 60.

Mdau, Moshi: Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu si ipo hapo Arusha? Niende huko moja kwa moja.
Jibu: Haiwezekani, ndugu. Tanzania iliondoa mwaka 2019 tamko lililoruhusu mtu binafsi kuishtaki huko, na tangu Novemba 2020 kesi mpya za namna hiyo hazipokelewi.

Mdau, Sakina: Hoteli yetu ni ya wageni, sera yao inakataza ubaguzi huu.
Jibu: Angalia kama mkataba wako unaitaja hiyo sera. Lalamika ndani kwa maandishi, lakini zile siku 30 hazikusubiri.

Mdau, Majengo: Jina langu litajulikana?
Jibu: Usuluhishi wa CMA ni wa siri. Shauri likifika Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, hukumu huwekwa TanzLII, tovuti ya wazi ya hukumu na sheria za Tanzania, na majina yake. Lipime hilo kabla hujakataa pesa ya suluhu.