Namna ya Kutambua Senti ya Kimarekani Iliyochapwa kwa Muhuri-Pacha

Mwongozo huu umetokana na kazi ya kumsaidia binamu yangu anayeishi Minneapolis, ambaye alijaza kopo zima la senti na akawa ananitumia picha za kila aliyodhani ni hazina. Karibu zote zilikuwa na herufi zinazoonekana mara mbili, na karibu zote zilikuwa na thamani ya senti moja.

Muhuri wa kuchapia sarafu hupata picha yake kwa kugandamizwa na muhuri mama. Zamani mgandamizo mmoja haukutosha, kwa hiyo chuma kilipashwa moto ili kilainike, kisha kikagandamizwa tena. Picha ya pili isipolalia juu ya ile ya kwanza sawasawa, muhuri hubaki na picha mbili, ndiyo maana huitwa muhuri-pacha, na kila sarafu inayochapwa nao huzirithi zote. Ndivyo ilivyotokea kwa senti maarufu ya 1955, ambayo mwaka na maneno yake huonekana mara mbili hata bila lenzi.

Hatua ya 1: Vifaa

Lenzi ya mkono inayokuza mara 10 inatosha, pamoja na taa moja ya mezani inayomulika kutoka upande mmoja. Hadubini za bei nafuu za kuunganishwa na kompyuta sizipendekezi, kwa kuwa taa zake za duara humulika pande zote na kuzaa mng'ao kandokando ya herufi, ambao asiyezoea huuhesabu kuwa picha ya pili. Zungusha sarafu chini ya taa: kivuli huhama, picha ya kweli haihami.

Hatua ya 2: Mahali pa kutazama

Katika senti za 1972 na 1995, anza na LIBERTY na IN GOD WE TRUST. Katika ya 1984 tazama ndewe ya sikio la Lincoln, na ya 1983 igeuze usome maneno ya nyuma.

Hatua ya 3: Kutenga pacha wa kweli na wa uongo

Hapa ndipo saa nyingi hupotelea. Mdanganyifu mkuu ni mtikisiko wa mashine: muhuri uliolegea husogea kidogo mara tu baada ya kuchapa, ukaisugua metali iliyokwisha kuinuka. Kwa kuwa kinachosukumwa ni sehemu ya herufi yenyewe, herufi hubaki nyembamba kuliko kawaida, na ubavuni pake hutokea kidato bapa kinachong'aa, mithili ya ngazi ya barazani. Muhuri-pacha hufanya kinyume chake: herufi hunenepa, picha zote mbili huwa na mgongo wa mviringo, na penye pembe, hasa kwenye ncha za T na E, huonekana mpasuko unaozitenganisha. Ukikuta kidato bapa pasipo mpasuko, irudishe sarafu koponi.

Kipimo cha pili ni herufi ya kiwanda, yaani herufi ndogo inayoonyesha mji sarafu ilikochapwa. Hadi 1989, herufi hiyo katika senti za kawaida iligongwa kwa mkono kwenye kila muhuri baada ya picha kukamilika. Ndiyo maana senti ya 1969 ya San Francisco, iliyo pacha kweli, ina mwaka na maneno mara mbili lakini S yake ni moja. S ikisogea pamoja na maneno kuelekea upande uleule, basi mashine ndiyo iliyotikisika. Kipimo hiki hakifai kwa senti za 1990 na kuendelea, kwa kuwa herufi tangu hapo imo katika picha ya asili, wala kwa senti za Philadelphia, ambazo kwa kawaida hazina herufi hiyo.

Tahadhari nyingine ni mpako. Tangu 1982 zilianza kutolewa senti za zinki zilizopakwa shaba nyembamba, na mpako huo ukipasuka kando ya herufi huacha mstari wa kijivu usio na maana yoyote kwa mkusanyaji. Muhuri uliochakaa nao huzaa kingo zilizovimba na kufifia. Senti za 1955 za namna hiyo huuzwa kwa jina la "pacha wa maskini", nami simshauri mtu azinunue.

Hatua ya 4: Sarafu za karibuni

Mwishoni mwa miaka ya 1990 kiwanda cha serikali kilihamia kwenye mgandamizo mmoja, lakini pacha hawakukoma. Muhuri mtupu ukiinama kidogo mgandamizo unapoanza, kisha ukakaa sawa, picha hurudiwa karibu na kitovu cha sarafu. Kwa hiyo achana na maneno ya ukingoni, utazame katikati: senti ya 2009 inayomwonyesha Lincoln kijana akisoma hupatikana ikiwa na vidole vya ziada kwenye mkono ulioshika kitabu, na robo dola ya Minnesota ya 2005 ikiwa na mti wa ziada, mdogo na hafifu, kando ya miti iliyo kulia kwa ramani ya jimbo.

Hatua ya 5: Kulinganisha

Linganisha na picha za orodha ya CONECA, chama cha wakusanyaji wa sarafu zenye makosa, au za tovuti ya Variety Vista, ukifuata pia mikwaruzo midogo ya muhuri, si maneno peke yake. Zisipolingana, ihifadhi sarafu katika bahasha ya karatasi, uandike mwaka na mahali ulipoona mpasuko, wala usiisugue kwa kitu chochote.