Gololi, manati na kopo: momenta siyo nishati mwendo

Mdogo wangu yuko fomu faivu, juzi kaniletea daftari: "Kaka, momenta na nishati mwendo zote si zinatoka kwenye masi na spidi, sasa kwa nini ziwe mbili?" Tukatoka uani hapa Sahare, Tanga, tukaning'iniza kopo kwenye mwembe ili tulipige kwa gololi ya manati na tupime spidi ya gololi. Tulifanya hivi.

Hatua ya 1. Fomula. Momenta ni masi mara spidi, na ina uelekeo. Nishati mwendo ni nusu ya masi mara spidi kipeo cha pili, uelekeo haina. Mnazo madaftarini, twende.

Hatua ya 2. Piga hesabu kabla hujarusha kitu. Chungwa la Muheza la gramu 200 linaviringika mezani nusu mita kwa sekunde, gololi ya gramu 5 inatoka kwenye manati mita 20 kwa sekunde. Momenta zao sawasawa, 0.1 kila moja. Nishati sasa: chungwa juli 0.025, gololi juli 1, mara 40. Chungwa unalizuia kwa kidole huku unaongea na simu, gololi ikikupata jino usinitafute.

Hatua ya 3. Chukua kopo la maziwa ya unga, shindilia udongo wa mfinyanzi mbichi mpaka pamoja na gololi ifike nusu kilo. Lining'inize kwa nyuzi 4 za mshipi wa kuvulia, kila mmoja urefu mita 1. Najua tupo Tanga na mtakimbilia kamba ya katani, achaneni nayo, inajisokotoa yenyewe kopo linageuka mgongo.

Hatua ya 4. Lipige kopo kwa gololi ya manati asubuhi mapema kabla upepo haujaamka, na nyuma ya kopo pasiwe na mtu wala kuku wa jirani.

Hatua ya 5. Hapa ndipo mimi nilipoteza jioni nzima enzi zangu, kwa hiyo someni taratibu. Gololi ikizama kwenye udongo, kopo linapanda kama milimita 2 tu. Mimi nikasema nishati haipotei, nikachukua nishati ya kupanda, juli 0.01, nikaifanya ndiyo ya gololi, nikapata spidi mita 2 kwa sekunde. Mita 2! Hiyo ni spidi ya mtu anayewahi daladala, siyo ya manati. Nikapima upya, nikabadilisha kopo, nikalaumu mizani, kumbe kosa liko kichwani. Gololi inapogota udongoni, momenta ndiyo inayobaki ileile, nishati mwendo haibaki, asilimia 99 inaishia kufinyanga udongo na kuupasha joto kidogo. Kwa hiyo hesabu ni mbili na usizichanganye: wakati wa kugongana tumia momenta, 0.1 gawanya kwa 0.5, kopo linaondoka na mita 0.2 kwa sekunde. Likishaanza kubembea ndipo unatumia nishati, kwa sababu hapo hakuna tena kinachofinyangwa. Ukirudi kinyumenyume kutoka kwenye ile milimita 2 unaipata mita 20 yako. Mwingereza Benjamin Robins alipima risasi za bunduki kwa mtindo huuhuu, akachapisha mwaka 1742.

Halafu milimita 2 usiipime kwa jicho, utajidanganya. Pima kopo limesogea pembeni kiasi gani, inakuja sentimita 6 na ushee, kisha upate kimo: mraba wa hiyo gawanya kwa mara mbili ya urefu wa uzi. Weka kiboksi cha kiberiti kitupu juu ya rula, kopo likisukume kiishie lilipofika. Video za simu za kupunguza spidi sizipendi, mtu anabishana na picha saa nzima.

Hatua ya 6. Rudia mara 5, chukua wastani.

Angalia udongo usikauke. Ukikauka gololi inadunda badala ya kuzama, na ikidunda kopo linapewa momenta zaidi ya ile 0.1, hesabu yote ya hatua ya 5 haikufai tena. Rashia maji kila baada ya mapigo mawili.