Kabla hujapeleka kempavani Ziwa Baringo

Kabla hata ya kupakia sufuria kwa kempavani, lile gari la kulala na kupikia ndani, piga simu kwa mwenye kambi pale Kampi ya Samaki, mji mdogo ulio kando ya ziwa, umuulize maji yamefika wapi wiki hii. Ziwa Baringo, huku Kenya, limekuwa likipanda tangu karibu 2010, na ile 2020 lilimeza mahoteli, kambi, nyumba za watu, mashule, mpaka hospitali ndogo ya pale, na bado utaona miti mikavu imesimama katikati ya maji. Ramani ya simu inaweza kukupeleka kwa njia iliyozama kitambo. Mwenye hema maji yakimkaribia ataling'oa asogee juu, lakini wewe uko na gari la tani tatu na zaidi, likizama tairi za nyuma saa nne usiku litavutwa na nani? Kwa hivyo uliza pia kama ardhi ni ngumu ama ni ule udongo unakauka juu tu halafu chini ni matope, na uliza matawi ya miti ya langoni yako juu kiasi gani. Pima kimo cha gari na tepu nyumbani, andika kwa karatasi, bandika mbele ya dereva, manake ukiwa umechoka husemi kweli ni mita ngapi.

Panga kufika saa tisa, ikichelewa sana saa kumi. Kutoka Nakuru ni kama kilomita 120 hivi, lami, unavuka Ikweta pale Mogotio, unafika Marigat, halafu zimebaki kama 20. Hizo 20 ndizo za kuangalia wakati wa mvua, kuna makorongo yanakatiza barabara na mvua inaweza kuwa imenyesha kule milimani wewe huku chini ukiwa na jua kali, sasa ukikuta maji yanapita juu ya lami simama, zima gari, subiri yapungue hata kama ni masaa mawili. Usijipime na maji yanayokimbia. Na usiendeshe usiku. Sehemu zingine za Kaunti ya Baringo zimeteswa sana na wizi wa mifugo, Februari 2023 serikali ilizitangaza kuwa hatari, kwa hivyo siku mbili kabla uliza wenyeji hali ya barabara ikoje. Sisemi usiende, watu wa Kampi ya Samaki wanategemea wageni na wanaumia kweli msipokuja, nasema uliza kwanza.

Sasa tairi, hapa nitakaa kidogo. Kuna mti unaitwa mathenge, uliletwa miaka ya themanini kuzuia jangwa ukageuka janga, umefunga malisho, mbuzi wakila maganda yake meno yanaharibika, wenyeji walifika mpaka kortini kuishtaki serikali juu yake. Mwiba wake ni mgumu kama msumari. Safari yetu ya kwanza tuliegesha vizuri kabisa, asubuhi tukakuta gari limelala upande mmoja, kuangalia ni mwiba urefu wa kidole umeingia ubavuni mwa tairi, pale ambapo hata fundi wa pancha hawezi kuziba. Nikatoa jeki. Ile jeki ilikuwa ya gari dogo, ikainua sentimita chache ikaanza kuzama kwa mchanga huku mwili wa gari haujasogea, na watoto wako ndani wanauliza chai. Mzee mmoja wa boti akaja na kipande cha ubao mnene, akasema weka hii chini kijana, halafu akaenda kuazima jeki ya lori. Tangu siku hiyo sitoki nyumbani bila jeki ya kubeba uzito wa gari likiwa limejaa maji na vitu, ubao, spea mbili, na pampu ya kuchomeka kwa betri. Na jeki nimeijaribu nyumbani kwanza, na wewe fanya hivyo.

Viboko wanatoka majini jioni kula nyasi na wanapita katikati ya kambi, unawasikia wanang'oa majani karibu na dirisha. Anayeuawa mara nyingi ni yule amesimama kati ya kiboko na maji. Jua likizama kila mtu ndani, hakuna kwenda kuosha sahani ufukweni, mamba nao wapo. Ndio maana choo cha ndani ya gari si anasa huku, hakikisha kinafanya kazi kabla ya kutoka, na watoto waambiwe mapema mlango haufunguliwi usiku bila mtu mzima.

Joto nalo. Mchana gari linakuwa tanuri, na ukifungua madirisha mbu wanaingia, malaria iko. Weka wavu kwa kila dirisha, shona mwenyewe ikibidi, na umuone daktari juu ya dawa za kinga kabla ya safari hasa ukiwa na mtoto mdogo ama mjamzito. Feni ndogo na betri ya pili vitakusaidia kuliko friji kubwa. Mvua ikinyesha usikubali kuingiza jiko la makaa ndani, hata likiwa limebaki majivu, ile hewa yake ya sumu haina harufu na inaua watu wamelala. Mtungi wa gesi ufungwe usiku, mpira wake ujaribiwe na povu la sabuni.

Pesa taslimu toa Nakuru, mafuta jaza huko huko, nyanya na asali nunua njiani, samaki nunua kwa kina mama wa pale pale.

Maji ya kunywa beba ya siku zote, ya ziwa ni ya udongo mwekundu. Na beba mapipa matupu mawili yenye vifuniko vya kukaza, moja la maji machafu yaliyooshea vyombo, lingine la choo, urudi nayo ukamwage mahali pana choo cha kweli. Ukimwaga ufukweni, asubuhi utaona wasichana wa Ilchamus, jamii inayoishi hapo kando ya ziwa, wanashuka na madumu kuchota hapo hapo.